Wavunja Vyombo wa Hindawiya

Juzi nilipita Jeddah kwa kazi, na mchana mmoja nilipokosa la kufanya nikamwambia dereva wa teksi anipeleke Hindawiya, mtaa wetu wa zamani. Dereva alikuwa Mbangladeshi mwenye mvi. Akaniangalia kwenye kioo kwa huruma kidogo. "Hindawiya mafi, madam," akasema, yaani hakuna tena. "Nyumba mafi, duka mafi. Halas." Nikamwambia yalla, twende hivyo hivyo.

Alisema kweli. Mahali palipokuwa na jengo letu, na tanuri la mkate, na duka la Myemeni aliyekuwa akiniuzia pipi, palikuwa na ardhi tupu iliyosawazishwa, kokoto, na uzio wa mabati. Nilisimama pale viatu vikijaa vumbi, nikaungoja moyo ufanye chochote. Haukufanya. Nilinunua maji baridi, nikarudi hotelini, nikala wali na kuku, nikalala usingizi mzuri. Ndiyo maana nakusimulia wewe. Wewe hujawahi kuniuliza kwa nini silii.

Tulikaa pale nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mtu wa Mombasa aliyepata mkataba akatuleta, mama na mimi. Tulikuwa na vyumba viwili orofa ya tatu, na kiyoyozi cha dirishani kilichotetemeka mpaka vikombe vikaitikia kabatini. Kazi yangu ilikuwa kuitazama ndoo iliyokinga maji ya kile kiyoyozi isije ikafurika. Maji hayo hatukuyamwaga, mama aliyapigia deki. Vumbi la Jeddah hulifuti likaisha. Unalifuta asubuhi, adhuhuri limerudi kukaa palepale kama mgeni aliyezoea kwako, na mama alikuwa akilisema kwa sauti, kama anamgombeza mtu.

Ijumaa ilikuwa na harufu yake. Baba alitoka mapema kununua fuli, yale maharage ya kupondwa, na mkate wa tamisi, ule mpana kama sinia, unaotoka tanurini na kufungwa gazetini ungali moto. Mama hakuuamini mkate wa kununua, kwa hiyo alikaanga mahamri vilevile, nasi tukala vyote. Wanaume wakishatoka msikitini, baba alileta redio yake ya kanda, akaiweka sakafuni juu ya mto ili isisikike sana kwa majirani, akauliza, "Tulifika wapi?"

Hapo ndipo ilipoanza historia ya ile bendi ya Kimarekani. Jina lao sitalitaja, maana kwetu hawakuwa na jina. Mama aliwaita wavunja vyombo, kwa sababu alipowasikia mara ya kwanza alikimbilia jikoni akidhani kabati limeanguka. Likabaki hilo. Hata baba, aliyewapenda, alisema wavunja vyombo kwa heshima zote, kama mtu anavyosema wazee wa mji.

Walikuwa watu wanne kutoka mji wa baridi wenye viwanda vilivyofungwa, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Walianzia kwenye ghala la zamani la kushonea magunia. Wakakuta cherehani moja imeachwa, wakaifanya ngoma. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa na sauti moja tu ya gitaa upande mzima wa kanda, haipandi, haishuki, na cherehani inakwenda chini yake. Watu waliokuja kuwasikiliza waliwatupia chupa. Wao wakazirekodi chupa zikivunjika, wakazitia kwenye wimbo wa pili. Baba akifika hapo alicheka kila mara, na mama alisema kwamba hao walikosa wazazi.

Baadaye walitoa sahani ya santuri ambayo upande mmoja haukuwa na kitu. Unaweka sindano, inakwaruza mpaka mwisho, basi. Walioinunua walitaka kuirudisha dukani. Baba alitueleza jambo hilo kwa uzito mkubwa. Alisema mtu akishinda siku nzima na mashine za hospitali, zile za kupumulia wagonjwa, anajua kwamba mngurumo nao unasema kitu, na kimya chake kinasema zaidi. Sikumwelewa. Nilipenda tu namna alivyokaa sakafuni na soksi zake, ameacha kuwa fundi wa mtu.

Habari hizi baba na dada yake, yaani shangazi yangu, walizipata wakiwa watoto Mombasa. Bibi alikuwa akifua nguo kwenye nyumba ya kulala wageni, na humo alikaa muda mrefu Mmarekani mmoja aliyefundisha sekondari. Alidai aliwahi kuwabebea wale watu magitaa yao. Jioni aliwapigia kanda na kuwasimulia kipande kipande, nao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha, hivyo kila mmoja alielewa yake. Siku moja walikuta chumba kitupu na kanda zimeachwa kwenye boksi. Mmarekani alikuwa ameondoka kabla ya kufika mwisho wa hadithi.

Kwa hiyo mwisho waliutengeneza wenyewe, na hawakukubaliana. Jambo lilikuwa juu ya yule mwanamke, ambaye ndiye aliyepiga kinanda. Usiku mmoja katikati ya onyesho alikibana kidude kimoja cha kinanda kwa kipande cha kadibodi, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kinanda kikaendelea kulia. Wenzake walikuwa wamempa mgongo, ndiyo ilikuwa desturi yao, wakapiga hadi mwisho bila kujua kwamba hayupo. Hakurudi tena, na bendi ikafa. Mmarekani alifikisha hapo, sababu hakuisema. Baba alishikilia kwamba walikuwa wameshamfukuza, akaona atoke kabla hajatolewa. Shangazi alisema hakufukuzwa na mtu. Alichoka, akatoka.

Onyesho hilo lilikuwa kwenye mojawapo ya zile kanda. Nililala sakafuni sikio langu karibu na redio, nikitafuta mahali mkono ulipoondoka. Sikupapata. Sauti ni ileile kabla na baada. Siku hizi ningeweza kutafuta kwenye simu nijue ukweli ulikuwaje, lakini sijatafuta.

Shangazi alikuja Saudia miaka ile mawakala wa Nairobi na Mombasa walipokuwa wakijaza ndege kwa wasichana. Hakuja kwetu. Alipelekwa Riyadh, mtaa wa Malqa, kufanya kazi za ndani kwenye jumba la ghorofa, mkataba wa miaka miwili. Kila Ijumaa mchana, jumba zima likilala, alipiga simu, na baba aliiweka kwa sauti ili tumsikie sote.

"Kaka, ushawaambia ya chupa?"

"Nishawaambia."

"Na ya kinanda?"

"Walimfukuza."

"Wacha uongo wewe. Wifi, mbona mwamwachia mtu huyu asomeshe mtoto uongo?"

Mama alijibu kutoka jikoni kwamba yeye hayumo. Nami nikajua Ijumaa imekamilika.

Tulikwenda kumwona mara moja tu. Tulisafiri kutwa nzima kwa gari la baba, tukalala mtaa wa Shumaisi, humo humo Riyadh, kwa Wakenya fulani, asubuhi tukaenda Malqa. Nakumbuka barabara pana zisizo na watu na kuta ndefu za rangi ya mkate. Shangazi aliruhusiwa kukaa nasi kwenye chumba cha dereva karibu na geti. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa dawa ya kuoshea sakafu. Alinukia dawa hiyo na udi wa watu. Lakini alikuwa mcheshi vilevile. Alinishika masikio akaniuliza kama nimeshausikia mkono ukiondoka. Nikasema bado. Akasema, "Sikiliza vizuri, basi."

Mkataba wake ulikuwa umeshakwisha. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, alitokea, mtu mpole mwenye tasbihi, akatuletea maji ya matunda. Baba akamuuliza kwa adabu dada yake ataondoka lini. Kafili akasema baada ya Ramadhani, inshallah. Madam akasema kutoka nyuma ya mlango kwamba msichana huyu ni kama binti yake. Baba akashukuru. Tulipokuwa tukiagana nilimsikia akimwambia shangazi, "Vumilia kidogo, mdogo wangu. Usifanye jambo la haraka." Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Baada ya Ramadhani ikawa baada ya Hija. Baada ya Hija kukawa na harusi ya mtoto wa nyumba, na baada ya harusi mtoto huyo akawa na mimba. Pasipoti ilikuwa kwa kafili na ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa kwa kafili. Bibi huko Mombasa alikuwa ameanza kusahau watu, na kila tulipompigia alimwita baba kwa jina la shangazi. Ijumaa za simu ziliendelea, ila shangazi hakubishana tena. Baba alisema, "Walimfukuza," makusudi, amchokoze, naye akajibu, "Haya." Hilo nalikumbuka kuliko mengi.

Kisha asubuhi moja mlango ukagongwa, mama akafungua mikono ikiwa na unga, na shangazi alikuwa amesimama pale. Hakuwa na mzigo, hata mkoba. Mama alimvuta ndani na kumwachia alama za unga begani.

Alitusimulia akiwa jikoni, kikombe mkononi. Pale jumbani madam alikuwa na tabia ya kusikiliza kazi. Yeye akiwa chumbani kwake, ikinyamaza mashine ya kufyonza vumbi tu, anaita, "Wewe, umelala?" Ijumaa moja wanaume walikuwa msikitini, dereva amewapeleka na geti halikufungwa sawasawa. Shangazi akaiwasha mashine orofa ya juu, akailaza kwenye zulia, akavaa abaya yake, akashuka ngazi za nyuma, akatoka. Akajificha siku kadhaa Shumaisi, mpaka familia moja ya Wasudani iliyokuwa ikija Jeddah ikampa nafasi kwenye gari.

"Nimeiacha yanguruma, kaka," akasema. "Huenda mpaka sasa yanguruma."

Alimtazama baba akingoja acheke. Ulikuwa wakati wake wa kushinda ule ubishi wa miaka yote, na alikuwa ameshinda. Baba hakucheka. Aliinuka akafunga dirisha. "Nilikwambia uvumilie," akasema. "Ukikutwa humu kazi yangu imekwenda, na sisi sote tumekwenda." Mama akamwambia amwache mtu anywe chai.

Baba hakuwa akimtisha bure. Kafili alikuwa ameshampigia ripoti kwamba ametoroka, na aliyetoroka ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini, imekufa, hawezi hata kununua tiketi ya kurudi kwao. Anayemficha naye ana kesi. Niliambiwa nisiseme shuleni wala ngazini. Sikusema. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza tangu hapo awali, sikuona tofauti.

Aliyetuonyesha njia ni jirani wa mlango wa pili, mama wa Unguja aliyekaa Jeddah kuliko wenyewe. Alisema njia ya kwenda nyumbani bila kafili ni moja, nayo ni kukamatwa. Kulikuwa na daraja kubwa si mbali na kwetu, na chini yake walikaa watu wa kila taifa juu ya makaratasi, wakingoja basi la polisi liwachukue. Wanapelekwa kizuizini, wanachukuliwa alama za vidole, kisha ndege. "Si unajua, ukitaka kutoka humu lazima ufukuzwe," jirani alisema, na hapo shangazi na baba walitazamana, kisha wakaacha kutazamana.

Sasa sisi ni watu wa Mombasa. Msafiri kwetu anaogeshwa, anasukwa, anapikiwa, anasindikizwa. Mama alimsuka shangazi nywele usiku mzima wakizungumza, akampigia pasi abaya, akampaka hina viganjani ili bibi akimwona afurahi. Akapika pilau. Tukaenda chini ya daraja sote, na mkeka, na chupa ya chai, tukakaa naye. Watu waliokuwa wamelala pale wiki nzima walitutazama. Basi lilipokuja, askari akawabeba wengine, akafika kwetu, akamwomba baba ikama, akaiona ni nzima. Akatuambia hapa si mahali pa kupumzikia familia, yalla, turudi nyumbani. Basi likaondoka. Tukarudi na shangazi na sufuria.

Siku ya pili ikawa vilevile, ila tulipeleka mahamri.

Jirani alitukuta ngazini tukipanda na mkeka wetu, akaketi palepale kwa kicheko. "Hivyo nyie mnampeleka kukamatwa au mnampeleka kuolewa? Askari gani atamkamata bi harusi na jamaa zake?" Shangazi naye akacheka, mpaka akashika ukuta. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka ndani ya nyumba ile. Jirani alipofuta machozi akasema polepole, "Muacheni peke yake. Mwenye watu hachukuliwi."

Mama alilia, akamtoa hina kwa limau na mchanga, haikutoka yote. Akampa abaya kuukuu. Siku ya tatu shangazi alikwenda peke yake asubuhi. Lakini baba hakuweza kukaa. Ilipofika alasiri alitengeneza chai, akanishika mkono, tukaenda, na tukasimama ng'ambo ya nguzo kana kwamba tunangoja teksi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye karatasi lake katikati ya wanawake wa Kihabeshi. Alituona. Akageuza uso.

Basi likaja. Askari kijana akamfikia shangazi, akamuuliza karatasi, shangazi akasema mafi. Alikuwa anainuka aende wakati mtu mmoja kati ya waliokuwa wakingoja, aliyechoka kuachwa kila siku, alipomwonyesha askari kwa kidole nguzo yetu. Akasema yule mwanamke ana ndugu, yule pale, humletea chakula na mkeka. Askari akamwita baba. Akamuuliza mbele ya watu wote, kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikielewa, kama huyu mwanamke ni wake.

"Hapana," baba akasema. "Simjui."

Askari akamgeukia shangazi. Shangazi akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba hata yeye hamjui mtu huyu. Kisha akapanda basi. Alikaa upande wa pili, si upande wetu, kwa hiyo sikuuona uso wake likiondoka. Tulirudi kwa miguu. Njiani baba akagundua kwamba chai bado tunayo, tukaketi kwenye ukingo wa barabara tukainywa yote. Ilikuwa bado moto. Najaribu kukumbuka nilihisi nini na sipati zaidi ya hapo, chai ya iliki, na magari.

Shangazi alifika Mombasa salama, akamkuta bibi angali hai. Tulishukuru Mungu. Alipokuwa akipiga simu alizungumza na mama kwa kirefu, akaniulizia mimi na masomo yangu, na mwisho akasema, "Nisalimie mwenye nyumba." Hakusema kaka. Baba alikuwa palepale, ameshika gazeti. Redio ilibaki juu ya kabati. Hakuna aliyekataza, lakini Ijumaa tulikula fuli na mahamri, halafu kila mtu akatafuta la kufanya. Nikaendelea kuitazama ndoo yangu ya kiyoyozi.

Tulipokuja likizo, shangazi alitupokea uwanja wa ndege wa Mombasa. Alinikumbatia, akamkumbatia mama, kisha akampa baba mkono. "Karibu Mombasa," akamwambia. "Sijui tumewahi kuonana?" Jamaa wote wakacheka, maana kisa cha daraja kilikuwa kimeshakuwa hadithi ya familia, na yeye mwenyewe alicheka. Baba alicheka wa mwisho.

Sasa wazee wote wamo Mombasa. Baba amestaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwa shangazi. Wanaheshimiana sana. Shangazi akipika kitu kizuri anampelekea baba, mmoja akiugua mwenzake anakwenda kumtazama, wanaulizana hali ya hewa na bei ya samaki. Hujawahi kuona ndugu wenye adabu kama wale. Hindawiya imekwenda na ngazi zake, jirani wa Unguja alikwishafariki, kanda ziliyeyuka ndani ya gari tulipohama. Siku ile nilipotoka kwenye ile ardhi tupu nilimpigia baba nikamwambia hakuna kitu pale. Akauliza, "Na daraja?" Nikasema daraja lipo. Akaniuliza kama nimekula.

Shangazi nilimuuliza mara moja tu, mwaka jana, tukichambua mchicha uani kwake. Nilimuuliza kama alishamsamehe baba. Alinishangaa kweli.

"Nimsamehe nini? Angesema ndiyo, angefungwa, na mimi nisingepanda basi. Alisema nilichotaka aseme." Akachambua majani mengine, akayatia kwenye ungo. "Ila hakusita, mwanangu. Aliulizwa, akajibu papo hapo."